Droo ya Sita

Barua ilianza: Mpendwa Bwana Namwezi.
Mimi ni mama wa watoto wawili, lakini sikubishana;
mwenye njaa hasahihishi imla ya anayempakulia.
Miezi kumi, ilisema. Tiketi, chumba, maabara,
posho kila mwisho wa mwezi,
nao watamleta mtu wao Bukavu, afundishe mahali pangu.
Ndiyo maana wanaita kubadilishana.

Bashige, mume wangu, aliisoma mara mbili, akauliza moja tu:
"Huyo atakayekuja, anakula sambaza?"

Kwa ajili ya viza nililala Kinshasa siku kumi na tisa,
napeleka karatasi, narudi na karatasi.
Walitaka ushahidi wa benki
kwamba ninayo sababu ya kurudi.
Kwenye akaunti palikuwa na dola arobaini na moja.
Fomu haikuwa na mahali pa kuandika: korongo.

Maana kazi yangu ni korongo. Nasoma udongo wa Funu,
ule mwekundu, unaolala kiangazi kama mtu mwema
na mvua ya Novemba ikigonga, unaamka na kuondoka na nyumba.
Mwaka ule uliondoka na ukuta wa Mama Mugaruka,
choo, mbuzi mmoja,
na madaftari yote ya Ahana, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu.
Nikafunga nusu kilo ndani ya soksi, niende nao.
"Udongo hauingii, mama," alisema kijana wa forodha,
kwa adabu, kwa glavu, juu ya pipa la taka.

Profesa aliyenipokea alikuwa muungwana, nisiseme uongo.
Alinipa funguo, koti la mvua,
baiskeli iliyonishinda urefu.
Wiki ya tatu akanishusha ghalani, chini ya maabara,
kwenye makabati ya chuma yanayogusa dari,
akavuta droo ya sita.

Chupa. Kizibo cha nta. Lebo ya wino wa bluu:
Kadutu, mteremko wa mashariki, mita mbili, 1954.

Niliketi sakafuni.
Alidhani ni baridi, akaniletea kahawa.
Udongo wa kwetu ulikuwa umenitangulia,
bila foleni, bila cheti cha ndoa,
na hakuna aliyeuuliza
kama unayo sababu ya kurudi.

Usiku simu ya nyumbani. Mgeni wetu, Bi Griet,
anakula sambaza na vichwa vyake.
Aliniandikia: wanafunzi mia tatu na kumi na wawili,
viti themanini; umeme umekatika katikati ya mlinganyo,
wakawasha simu zao zote, wakasema, Endelea.
Aliniandikia pia kwamba mdogo wangu wa kike
sasa anamwita Mama Griti.
Nilicheka. Kisha sikulala.

Ripoti ya mwisho ilikuwa kurasa nne.
Penye "matokeo yaliyofikiwa" niliandika
makala mbili, ramani moja, njia mpya ya kupima unyevu.
Sikuandika kijiko kimoja cha chai
ndani ya kopo la mafuta ya midomo.

Kavumu hakuna aliyekagua midomo yangu.

Kesho yake nikapanda Funu na Ahana, mvua juu yetu.
Korongo limekula mita tatu zaidi,
vigingi vyangu vya kupimia havipo,
Mama Mugaruka amejenga tena, palepale, kwa mabati yaleyale.
Nikafungua kopo, nikamwaga.
Ulikuwa umepauka, kama mtu aliyekaa sana ndani.
Ule mwekundu haukuupokea wala kuukataa;
maji yaliuchukua wote pamoja.

"Mwalimu, hiyo ni sampuli?"
Hapana, nikamwambia. Huyu naye alipelekwa ng'ambo kusomwa.
Miezi yake hawakumwandikia.
Toa daftari, Ahana. Andika tarehe.